Unaumwa Ngozi, Lakini Pimwa Kifua Kwanza

Juzi msomaji mmoja wa Nakuru aliniandikia kwa hasira. Ana soriasisi, ugonjwa wa ngozi kuota mabaka yenye magamba, daktari amemtajia sindano ya ustekinumabu, lakini kwanza anatakiwa apimwe damu na apigwe eksirei. "Mimi naumwa ngozi, kifua kinahusu nini?"

Mdogo wangu, kinahusu sana.

Mimi yalinianza nikiuza mitumba soko la Kibuye, Kisumu. Kwetu weusi mabaka si lazima yawe mekundu. Yangu yalikuwa ya zambarau, yenye magamba ya kijivu. Wateja wakawa wanapokea chenji kwa ncha za vidole. Mama niliyekuwa nikigawana naye kibanda alihamisha marobota yake bila hata kuniaga, na hadi leo nikikutana naye Kondele roho inaniuma. Soriasisi haiambukizi! Nilisema hadi koo likakauka. Ndipo nikaanza kusoma, na leo muuza nguo huyu anaweza kukueleza p40, kitu ambacho sindano hiyo hukishika, ni nini.

Ni kipande cha protini. Kikiungana na kingine kiitwacho p35, inapatikana intaleukini 12, mjumbe wa kinga ya mwili anayeamsha seli za kinga zitoe mjumbe mwingine, intaferoni gama, naye huzipa makrofaji, seli zinazomeza vijidudu, nguvu za kuua vijidudu vya TB zilivyomeza. Kikiungana na p19, inakuwa intaleukini 23, iliyotambuliwa mwaka 2000. Hiyo huchochea seli zinazotoa intaleukini 17, na hapo ngozi huvimba na kuota magamba. Ni jembe moja linalobadilishwa mpini. Ustekinumabu, iliyoidhinishwa kwa soriasisi mwaka 2009, hushika p40 yenyewe, kwa hiyo huzuia zote mbili.

Wapo watu wachache wanaozaliwa bila p40. Baadhi yao huugua kwa chanjo ya TB, BCG, ile ile inayowakinga watoto wengine, na bakteria wa salmonela huwasumbua mara kwa mara. Sindano haikufanyi uwe kama wao, lakini ndiyo sababu daktari anauliza habari za kifua.

Kwa hiyo pimwa. Mimi nilikutwa na TB iliyolala, nikaanzishiwa dawa za kuizuia kabla ya sindano, na nilizimaliza zote. Mweleze daktari ni nani anakohoa nyumbani, hata kama ni baba mkwe na unaona aibu. Tumezoea kuficha kikohozi cha wakubwa, tunaita baridi ya ziwa. Acheni jamani, hospitali si mahali pa kutunza heshima ya mtu. Uliza pia kuhusu chanjo zenye vijidudu hai kabla hujachanjwa. Na pimwa, narudia.

Ukiwa bado na wasiwasi, muulize daktari kuhusu dawa zinazoshika p19 pekee, kama guselkumabu. Hizo huiacha intaleukini 12 iendelee na kazi yake, ingawa nazo hazianzwi bila kipimo cha TB.