Niliyoyaacha siku ile Ruvu

Swali lenu la wiki linauliza: nchi yako, na jeshi kama ulilipitia, vimekufanya uwe nani? Nimelisoma mara tatu. Mimi ni mwalimu niliyestaafu kwa hiari na sijawahi kuwa askari wa kazi. Lakini nilipita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, na kabla ya hapo vita vilipita nyumbani kwetu, kwa hiyo najihesabu kuwa nahusika.

Nimezaliwa Missenyi, mkoani Kagera, kaskazini ya mto. Watu wengi wanadhani Mto Kagera ndio mpaka. Siyo. Mpaka ni mstari waliokubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, nyuzi 1 kusini ya ikweta, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, ukapita katikati ya migomba ya watu. Kipande kilichobaki kati ya mstari na mto ndicho kwetu. Shangazi yangu, dada wa baba, aliolewa Mutukula, ng'ambo ya mstari. Sisi watoto hatukusema anakaa Uganda. Tulisema anakaa kwa mumewe.

Nilikuwa na miaka 11 majeshi ya Idi Amin, rais wa Uganda, yalipoingia, Oktoba 1978. Tulivuka daraja la Kyaka kwa miguu. Mama amebeba kichwa cha cherehani kichwani, mimi nimembeba mdogo wangu, baba na mbuzi wawili ambao hawakutaka kabisa kukimbia vita. Siku chache baadaye daraja likalipuliwa. Amin akatangaza kwamba ardhi yote mpaka mtoni sasa ni yake. Yaani kwa mujibu wa redio nilikuwa Mganda, na hakuna aliyeniuliza.

Tulijihifadhi kwa wajomba, Muleba. Redio ilikuwa moja, watu hawana idadi. Novemba 2 tukamsikia Rais wetu, Mwalimu Nyerere, akisema kuhusu uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin. Mama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Kama mnataka kujua ni lini hasa nilijua nina nchi, ni dakika ile, nikiitazama miguu ya mama.

Januari 1979 jeshi letu likaiteka Mutukula. Vitabu vya shule havikai sana hapo: mji ule ulisawazishwa kwa tingatinga kulipiza yaliyofanyika kwetu. Baadaye ikatoka amri kwamba raia na mali zao wasiguswe, na Aprili 11 Kampala ikaanguka. Lakini nyumba ya shangazi ilikuwa imeshalala chini. Sisi tuliporudi kwetu tulikuta ng'ombe hakuna, mabati hakuna, hata fremu za milango hakuna. Mwalimu aliomba tufunge mkanda miezi 18. Mkanda wenyewe ulikaa kiunoni miaka mingi, nadhani kila mtu wa rika langu anaikumbuka foleni ya sabuni.

Mwaka 1987, baada ya kidato cha sita, nikapangiwa kambi ya JKT Ruvu, mkoani Pwani. Najua wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana mwaka 1966 kuipinga sheria ya kuwapeleka huko, na kukatwa asilimia 60 ya mshahara kwa miezi 18, Mwalimu akawafukuza karibu 400. Mimi sikuwa na ubishi huo. Nilitaka kwenda. Nilitaka kuona wale waliokuja kutuokoa wanatengenezwa vipi. Nikapanda meli Bukoba hadi Mwanza, kisha treni, siku nyingi za vumbi na mayai ya kuchemsha, hadi joto la Pwani ambalo sikuwahi kulifikiria.

Wanaotengenezwa, wanaanza kutengenezwa kwenye visigino. Mguu sawa, mguu pande, nyuma geuka, mpaka usiku ukilala hangani, yaani bwenini, mguu unageuka wenyewe. Nywele zilikwenda siku ya kwanza. Filimbi saa kumi alfajiri, mchakamchaka gizani, halafu fatiki, yaani kazi za mikono, halafu kwata, yaani gwaride, halafu shamba. Chakula ukila polepole unakiacha. Mpaka leo namaliza kula kabla ya wageni wangu, aibu yangu ya kudumu. Nilijifunza kufungua na kufunga bunduki nikiwa nimefumba macho, nikajifunza pia kwamba msichana wa Mtwara na mimi tunaogopa nyoka sawasawa. Watu husema JKT iliua ukabila. Sijui kama iliua. Utani wa makabila ulikuwa mwingi mno hangani, ila mtu alipochoka alimsukumia toroli yeyote aliyekuwa karibu.

Siku moja katika kipindi cha siasa afande akauliza, "Nani anatoka Kagera?" Nikasimama, mguu sawa. "Waeleze wenzako nduli alifanya nini." Nduli ndilo jina tulilompa Amin. Nikaeleza. Daraja, ng'ombe, cherehani ya mama, maiti niliyoiona kando ya njia karibu na Kyaka na jinsi baba alivyonigeuza uso. Kombania nzima ilikuwa kimya, halafu ikapiga makofi. Jioni mwimbishaji akaniingiza kwenye wimbo. Kuanzia hapo sikuwa na jina, nikawa Kagera. "Kagera, leta jembe!" "Kagera, zamu yako ya lindo!" Niseme ukweli, nilipenda. Niliondoka nyumbani nikiwa binti wa fulani wa kijiji fulani, na pale nikawa mkoa mzima, tena mkoa uliopiganiwa.

Mutukula sikuitaja. Hakuna aliyenikataza. Afande yule alikuwa mtu mwema, pengine angenisikiliza. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya watu waliovaa nguo kama za waliokuja kutukomboa, nami nimevaa hizohizo, na hadithi niliyoisema ilikuwa na umbo lake zuri. Shangazi hakuwa na pa kukaa ndani yake. Nikimaliza kuandika barua hii, itakuwa ndiyo mara ya kwanza nimeisimulia yote pamoja mbele ya watu nisiowajua.

Utaratibu ule wa kwenda JKT kwa lazima ulisitishwa 1994, ukarudishwa 2013, na binti yangu akapita miezi yake mitatu kwa mujibu wa sheria, kambi ya Oljoro, Arusha. Alirudi amekonda, sauti imekauka kwa kuimba, anatandika kitanda kama mtu anayetarajia kukaguliwa. Nilifurahi. Nilimuuliza mengi kuhusu buti na ugali. Kuhusu walichofundishwa kwenye siasa sikumuuliza, na sasa najiuliza kwa nini.

Mwaka 1988, nilipomaliza, nilikwenda kumsalimia shangazi. Alikuwa ameshajenga tena, palepale, chumba kimoja kimoja. Nilishuka barabarani nikaifuata njia ya migombani, yeye amekaa mlangoni anamenya ndizi, ananitazama tangu mbali. Nilipofika nikapiga magoti kumwamkia kama inavyotakiwa kwetu. Akaitikia, akanishika mabega, akanigeuza huku na huku.

"Unatembea kama wale," akasema.

Sikujua niweke wapi miguu yangu. Nikakaa chini haraka. Yeye akarudi kwenye ndizi zake, akamaliza moja, akachukua nyingine, kisha akanisogezea kisu cha pili.

"Huko walikuwa wanakulisha?"

Nikamwambia walikuwa wananilisha, maharage kila siku. Akacheka. Tukamenya mpaka sufuria ikajaa.