Setilaiti Inapomaliza Kazi: Maswali na Majibu

Anga ni pana mno. Vipande vichache vya chuma vina hatari gani?

Hatari iko kwenye mwendo. Katika mizingo (njia za kuizunguka dunia) iliyo karibu nasi, kila kitu hukimbia kwa kilomita 7 hadi 8 kwa sekunde. Mwaka 2016 mwanaanga Tim Peake alionyesha picha ya dirisha la Kituo cha Kimataifa cha Anga likiwa na kovu la duara la milimita 7, lililodhaniwa kuachwa na chembe ya rangi au ya chuma ambayo jicho lisingeiona. Vyombo vizima vikigongana, hali huwa mbaya zaidi: Februari 2009, Kosmos 2251 ya Urusi, iliyokuwa imekwishakufa, iligongana na Iridium 33 ya Marekani juu ya Siberia, na vipande zaidi ya 2,000 vikasambaa.

Setilaiti iliyochakaa si huanguka yenyewe?

Inategemea kimo: iliyo chini huvutwa na hewa ikaanguka, lakini iliyo juu hubaki kwa miaka mingi. Setilaiti ya Marekani Vanguard 1, iliyorushwa mwaka 1958, ingali inazunguka.

Basi mbunifu afanye nini?

Apange mazishi ya chombo kabla hakijarushwa. Mafuta yanayobaki kwenye matangi na chaji inayobaki kwenye betri vimewahi kulipua vyombo vilivyoachwa, kwa hiyo ni lazima pawe na njia ya kumwaga hayo mafuta na kukata umeme kazi inapokwisha. Jambo gumu zaidi, kwa maoni yangu, ni akiba ya mafuta ya safari ya mwisho, kwa sababu mwenye setilaiti inayoendelea kumwingizia fedha hushawishika kuitumia akiba hiyo apate miezi michache zaidi ya huduma. Ndiyo maana ninaiunga mkono kwa dhati kanuni iliyopitishwa Marekani mwaka 2022, inayotaka setilaiti za mizingo ya chini ziondolewe ndani ya miaka 5 baada ya kumaliza kazi, badala ya 25 iliyozoeleka. Zile zilizo kwenye kimo cha karibu kilomita 36,000 hazirudishwi. Husogezwa juu kilomita 300 hivi, kwenye mzingo wa makaburi.

Ikiungua katika angahewa, tatizo limekwisha?

Hapana. Alumini inayoungua huacha chembechembe za oksidi, na watafiti wanahofia kwamba zitadhuru tabaka la ozoni. Hofu hiyo ndiyo iliyowasukuma watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto kuunda LignoSat, setilaiti ya mbao yenye sentimita 10 kila upande, iliyopelekwa angani mwaka 2024.