Grini Iko Juu na Huioni: Ushike Fimbo Gani?

Msomaji anayecheza gofu ameleta swali ambalo wengi wanalo. Bendera iko mita 140, grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo, imekaa juu ya kilima, na kinachoonekana ni ncha ya bendera tu. Kila akipiga chuma namba 7, ambayo kwenye tambarare ndiyo fimbo yake ya mita 140, mpira unagonga ukingo na kubingirika kurudi chini. Aongeze fimbo moja au mbili, yaani ashike namba 6 au namba 5, zinazokwenda mbali zaidi?

Mbili. Na sababu iko kwenye namna mpira unavyoshuka, si unavyopaa.

Mpira huchora upinde hewani. Grini iliyoinuka inaupokea kabla upinde haujaisha, na kile kipande cha mwisho ndicho unachopoteza. Mpira ukishuka kwa pembe ya digrii 45, kila mita 1 ya kimo inakula mita 1 ya umbali, na ndiyo hesabu ya haraka ambayo wengi huitumia. Shida ni kwamba fimbo ndefu haishushi mpira kwa digrii 45. Ikishusha kwa 35, kilima cha mita 10 kinakula mita 14. Weji, fimbo fupi ya kupaisha mpira, inayoshusha kwa 50 inapoteza 8 tu. Kadiri unavyoshika fimbo ndefu zaidi, ndivyo kilima kinavyozidi kukudai.

Tuseme kilima cha msomaji wetu kina kimo cha mita 12. Namba 6 yake huenda mita 150. Ikishuka kwa digrii 40 inapoteza 14, inafika 136. Ukingo tena. Namba 5 huenda 160, inapoteza kama 16, inafika 144. Hiyo ndiyo fimbo. Kama namba 5 yako hutoka chini chini, iache kwenye mfuko uchukue hibridi (fimbo iliyo kati ya chuma na mbao) ya masafa yaleyale, kwa kuwa hupaa na kushuka wima zaidi. Wapo wanaoona haya kutoa hibridi mbele ya wenzao kwa mita 140. Kadi ya matokeo haina safu ya kuandika fimbo uliyotumia.

Kimo utakijuaje? Siku ya mazoezi, simama penye mpira, tazama mbele sawasawa bila kuinua wala kuinamisha kichwa, uone macho yanapogonga mteremko. Tembea hadi pale, tazama tena. Kila hatua ya namna hiyo ni kimo cha macho yako, mita 1.6 hivi, saba au nane zinakupa mita 12. Kifaa cha leza kinachopima mwinuko kinaifanya kazi hiyo kwa sekunde, ila kwenye mashindano Kanuni ya 4.3 ya gofu inakataza kupima mwinuko, kwa hiyo zima sehemu hiyo.

Kosa linalofuata ni kushika fimbo ndefu kisha kupiga nusu nusu kwa kuogopa kuzidisha. Mpira wa nusu huruka chini na kushuka ukiwa umelala, na umbali unaopotea kilimani unaongezeka. Piga kamili, bila kutumia nguvu za ziada. Kama mpira wenyewe umekaa kwenye mpando, linganisha mabega na mteremko na usogeze mpira kidogo kuelekea mguu wa mbele. Uso wa fimbo utalala zaidi, mpira utapaa juu na kuwa mfupi, kwa hiyo ongeza fimbo nyingine. Anayepiga kwa mkono wa kulia alenge kulia kidogo, maana mpira huvutwa kushoto.

Kama masafa yako uliyapima Nyali, usawa wa bahari, usiyapeleke Limuru yalivyo. Pale juu, zaidi ya mita 2,000, hewa nyepesi huongeza kama asilimia 8, na mita 12 za kilima zinaweza kufutika karibu zote.

Si kila pigo la kipofu, yaani lile ambalo grini huioni, ni la kupanda, pia. Shimo la 17 la Prestwick, Uskoti, liitwalo Alps, lina tuta kubwa la mchanga kati yako na grini, lakini grini yenyewe iko chini upande wa pili. Pale unachohitaji ni kuvuka tuta, na umbali unabaki ule ule. Kujua kama utavuka, nenda kando ya mpira, laza fimbo uso ukitazama juu, ukanyage uso huo hadi mpini uinuke kuelekea kilele. Mpira utatoka chini ya mstari wa mpini, kwa hiyo mpini ukigusa kilele tu, badili fimbo.

Mstari wa kulenga ni rahisi zaidi. Panda kileleni, chagua mti au wingu lisilosogea haraka nyuma ya bendera, urudi. Kedi, anayekubebea mfuko, anaweza kusimama juu akuonyeshe, mradi aondoke kabla hujapiga. Na akiwa huko juu, akuhakikishie kwamba waliotangulia wameshatoka kwenye grini.