Sola ya nyumbani Mtwara na Lindi: hesabu kwanza, paneli baadaye

Mkuu uliyeniandikia kutoka Nachingwea, umeuliza mawili: kama sola itakupunguzia LUKU, na kama serikali inampa nafuu yoyote anayefunga. Nianze na hela.

Angalia meseji ya LUKU, ila isiwe ya manunuzi ya kwanza ya mwezi maana hiyo imeshakatwa kodi ya jengo. Kama 5,000 inakupa uniti 41 hivi, upo kwenye tarifu ya watumiaji wadogo: kwa bei za EWURA (msimamizi wa bei za umeme) za 2016 ni Sh 100 kwa uniti, na ukijumlisha VAT 18%, tozo ya REA (umeme vijijini) 3% na ya EWURA 1% inakuwa 122, mradi usivuke uniti 75 kwa mwezi. Kama 10,000 inakupa uniti 28 tu, upo Tarifu 1, ya watumiaji wa kawaida: Sh 292, na pamoja na makato karibu 356.

Chukua taa tano za LED za wati 7 kwa saa tano, TV ya wati 40 kwa saa tano, feni ya wati 50 kwa saa saba, na simu nne. Jumla ni kama wati-saa 765 kwa siku, sawa na uniti 23 kwa mwezi. Kwa tarifu ndogo hiyo ni Sh 2,800. Betri itakufa kabla hujarudisha hela yake. Hata kwa Tarifu 1 ni Sh 8,200 tu. Kwa hiyo mwenye LUKU afunge sola kwa sababu amechoka na umeme kukatika, asidanganywe kwamba anaokoa. Na aliye kijijini ambako laini imeshapita jirani, kuunganishwa kwa ile bei ya 27,000 ni rahisi kuliko paneli yoyote. Sola inalipa kule ambako nguzo haijafika.

Nafuu ya serikali ipo upande wa kodi. Sheria ya VAT ya 2014 iliziweka paneli kwenye bidhaa zenye msamaha. Lakini waya, vyuma vya kushikilia na kazi ya fundi havimo, na orodha hurekebishwa kwenye Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Dai risiti ya EFD iliyoandika kila kifaa peke yake. Ukiona 18% imekaa juu ya paneli, uliza papo hapo. Habari ya kuiuzia TANESCO umeme ina kanuni zake za 2018, na mfumo wa betri moja haumo humo. Wewe weka chenji-ova tu (swichi ya kuchagua TANESCO au sola), inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO, isije ikarudisha umeme kwenye laini fundi akiwa juu ya nguzo.

Mikataba ya lipa kidogo kidogo: zidisha malipo ya siku kwa siku zote. Sh 1,000 kwa miaka mitatu ni 1,095,000, na ukichelewa wanaufunga mfumo. Hela ya mkulima wa korosho haiji kila siku, inaingia kwa mkupuo baada ya minada. Kama unaweza kuvumilia hadi AMCOS (chama chenu cha ushirika) walipe, nunua taslimu.

Sasa ukubwa. 765 gawanya kwa 0.7 kufidia upotevu, gawanya tena kwa saa 4.5 za jua kali: unapata wati 243. Nunua paneli za wati 300, yaani mbili za 150. Kontrola, kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri, iwe ya ampea 30. Betri ya jeli ya volti 12 ichukue Ah (ampea-saa) 150, kwa sababu haitakiwi kushuka chini ya nusu. Ya lithiamu (LiFePO4) Ah 100 inatosha. Betri ya gari achana nayo, imetengenezwa kwa ajili ya kuwasha injini. Pasi na jiko la umeme visahau kabisa.

Wengi wanapigwa hapa: unauziwa paneli kubwa ya wati 250 yenye volti 31 na ampea 8, halafu unafungiwa kontrola ya PWM (aina rahisi, isiyobadilisha volti) kwenye betri ya volti 12. PWM inapitisha zile ampea 8 kwa volti ya betri, 8 mara 13, unapata wati 104. Zaidi ya nusu imepotea na paneli haina ubovu wowote. PWM inataka paneli ya seli 36, volti 18 hivi. Ukitaka paneli kubwa nunua MPPT, kontrola inayogeuza volti za ziada kuwa ampea, na usiamini maandishi ya kwenye boksi: kontrola nyepesi ya bei ya kutupa iliyoandikwa MPPT mara nyingi ni PWM.

Waya nao. Mita 10 za waya wa 2.5 (unene kwa milimita za mraba) kutoka kwenye bati hadi kontrola, ampea 16 zikipita, unapoteza zaidi ya volti 2. Tumia wa 6. Inveta ya wati 1,000 inavuta zaidi ya ampea 90 kwenye betri, kwa hiyo waya uwe wa 25, usizidi mita moja na nusu, na fyuzi ikae jirani kabisa na betri.

Paneli zielekee kaskazini. Video nyingi za Ulaya zinasema kusini; sisi tupo nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Mlalo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha, mvua ikinyesha inaosha vumbi. Acha nafasi ya kiganja kati ya paneli na bati hewa ipite, na angalia kivuli cha mnazi saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, sio saa sita tu. Walioko Mikindani, Msimbati au Kilwa watumie bolti za stenlesi, za kawaida chumvi inazila.

Siku ya kufunga, betri iingie kwenye kontrola kwanza, paneli baadaye. Kufungua ni kinyume chake. Kontrola nyingi zinaungua kwa sababu fundi alianza na paneli.