Hatari ya Treni Iliyojaa Huanzia Mlangoni

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikienda kazini kwa treni ya asubuhi, na karibu kila tukio la kutisha nililolishuhudia lilitokea mlangoni. Siku moja nilijipenyeza nikiwa wa mwisho, mlango ukafungwa, na mkanda wa mkoba wangu ukabaki nje. Treni iliondoka hivyo hivyo, kwa sababu vihisio vya mlango huweza kutambua mkono au mguu, lakini kitu chembamba kama mkanda huvipita, naye dereva huona kuwa milango yote imefungwa. Hadi kituo kilichofuata nilikuwa nimebanwa kwenye kioo, nikisikia bizimu ikigonga ubavu wa behewa. Afadhali mkoba ulikuwa ndani pamoja nami. Kama mkanda ungekuwa mwilini mwa mtu aliyebaki jukwaani, ungemburuta.

Tangu hapo mkoba naushika kifuani, mkanda nimeukunja, na king'ora cha mlango kikilia siingii tena, hata kama nitachelewa na kukemewa kazini.

Ukishaingia, songa katikati ya behewa. Wengi hung'ang'ania mlangoni wakihofu kupitishwa kituo chao, ilhali huko ndani mara nyingi pana nafasi. Watu wakizidi watano au sita katika mita moja ya mraba, mtu hana tena uamuzi juu ya hatua zake, kwani huenda anakosukumwa. Kinachoua katika msongamano wa namna hiyo si kukanyagwa peke yake: kifua kikibanwa sana, mbavu hushindwa kutanuka, na mtu huweza kukosa hewa akiwa amesimama wima. Kwa hiyo kunja mikono mbele ya kifua upate nafasi ya kuvuta pumzi, wala usiiinamie simu iliyoanguka.

Simu ikiangukia relini, mwite mhudumu wa kituo, maana treni yenye kasi huhitaji mamia ya mita ili isimame. Leningrad, ambayo leo ni Saint Petersburg nchini Urusi, ilijenga kituo chenye milango ya jukwaani, yaani milango inayowatenga abiria na reli hadi treni ifike, mwaka 1961, kwa hiyo wenye reli hawawezi kudai kwamba kinga hiyo ni jambo geni.

Abiria akizimia, mpishe hewa na umjulishe mhudumu. Kama treni inaendelea kwenda, kwa kawaida ni afadhali ifike kituoni, ambako waokoaji watamfikia kwa urahisi, kuliko kuisimamisha njiani.