Printa inaganda kila mchana

SWALI: Duka langu la steshenari lina kompyuta moja ya Windows 10 na printa mbili. Asubuhi zinachapa vizuri, ikifika mchana kazi zinaganda kwenye foleni. Nikifungua orodha ya huduma naikuta Print Spooler (ile inayopanga foleni ya kuchapa) imesimama. Nikibonyeza Start inaamka, kisha inalala tena. Nitajuaje kinachoisimamisha?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kwanza jua kama inasimamishwa au inaanguka yenyewe, maana dawa zake si moja. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc ili ufungue Event Viewer (daftari la matukio ya Windows), ingia Windows Logs, kisha System. Upande wa kulia bonyeza Filter Current Log, na kwenye kisanduku cha namba za matukio andika 7031,7034,7036.

Ukikuta 7036 inayotaja Print Spooler na neno stopped, bila 7031 wala 7034 ya wakati huo, yaelekea huduma iliamriwa kusimama ikatii. Hapo mshuku mtu, au zile programu za "kusafisha" kompyuta. 7031 na 7034 maana yake imekufa bila kuamriwa. Ya 7031 hutaja imekufa mara ngapi na kwamba Windows itaiinua baada ya milisekunde kadhaa (5000 ni sekunde 5). Ya 7034 haiahidi kuiinua.

Sasa fungua services.msc (ile orodha ya huduma), bonyeza Print Spooler mara mbili, nenda kichupo cha Recovery. Mara nyingi anguko la kwanza na la pili limewekewa Restart the Service, yanayofuata Take No Action. Basi huenda asubuhi ilishaanguka mara mbili ikainuliwa kimyakimya, na wewe unaliona anguko la tatu tu. Usikimbilie kuweka Restart kote, utauficha ugonjwa.

Nakili saa, dakika na sekunde za anguko. Rudi Event Viewer, safari hii kwenye Application, utafute tukio namba 1000 la wakati uleule lenye jina spoolsv.exe. Soma mstari wa Faulting module name. Ikiwa ni faili la .dll lililokuja na printa mojawapo, yaelekea tatizo ni draiva (programu inayoiunganisha Windows na printa): bonyeza tena Windows pamoja na R, andika printui /s /t2, chagua draiva hiyo, bonyeza Remove, iondoe pamoja na kifurushi chake, kisha weka toleo jipya la printa hiyohiyo. Ikiwa ni ntdll.dll, usiilaumu. Hiyo ni ya Windows yenyewe, na kwa kawaida uharibifu umefanywa na mwingine ukaja kugundulika humo. Ondoa draiva ya printa moja, chapa na ile nyingine siku nzima, uone.

Kama inaanguka sekunde chache tu baada ya kuiamsha, shuku kazi iliyoharibika kwenye foleni. Fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, andika net stop spooler, futa mafaili ya .SPL na .SHD (ndizo kazi zilizo kwenye foleni) yaliyomo C:\Windows\System32\spool\PRINTERS (folda yenyewe iache), kisha net start spooler. Kazi zote zilizokuwa zikisubiri zitapotea, kwa hiyo waambie wateja kabla hujafuta.