Mashine ya umeme pembeni ya ndege

Tangu niandike juu ya magari ya kiwanja cha ndege cha Luano, hapa Lubumbashi, wengi wenu wa komini zetu mbalimbali mmeuliza habari za ile mashine yenye kelele inayosimama karibu na gurudumu la mbele la ndege, na waya wake mnene unaoipa ndege umeme.

*Papa fundi, ile si jenereta tu kama ya nyumbani? (Katuba)*

Ni jenereta, na inakunywa mazutu (dizeli) vilevile. Kinachotofautiana ni kuriani yake, yaani umeme inaotoa. SNEL, shirika letu la umeme, hutupa volti 220 za hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, siku inapotupa. Ndege kama Boeing 737 inataka volti 115, fezi tatu, hezi 400. Kwa hezi nyingi hivyo, transfoma na mota huhitaji chuma kidogo, na angani kila kilo inalipiwa. Lakini umeme huo hupungua upesi kwenye waya mrefu, kwa hiyo mashine lazima isogezwe karibu.

*Ndiyo inayowasha injini? (Kampemba)*

Kwa 737, hapana. Injini yake huzungushwa na hewa yenye shinikizo. Mashine inalisha taa na vyombo vya marubani tu. Kwa ndege ndogo kama Caravan au Let 410 mambo ni mengine: hapo ni volti 28, chanya na hasi kama betri ya gari, na huo umeme ndio unaozungusha injini. Ukiwa dhaifu, injini inazunguka polepole huku mafuta yameshashika moto ndani. Joto linapita kiasi, mapanga ya turbaini ndani ya injini yanaungua. Sekunde chache tu, na hasara yake inauza nyumba.

*Si ndege ina injini ndogo mkiani? Kwa nini isitumie hiyo? (Ruashi)*

Inaweza, ila inachoma kama kilo 100 za kerozini kwa saa. Hata hivyo mashine yetu haileti ubaridi ndani. Mwezi wa kumi, abiria wakianza kujipepea na tiketi, rubani ataiwasha tu hiyo ya mkiani.

*Mwanangu anaitaka kazi hiyo. Ina hatari? (komini ya Kenya)*

Mama, ipo. Plagi ya ndege kama 737 ina pini sita: nne nene, mbili nyembamba na fupi. Hizo fupi huachia kwanza, mashine ikakata kuriani kabla nene hazijatoka. Vijana wengine huzitegemea, wakavuta bila kuzima. Niliwahi kushika plagi ambayo pini yake moja imeungua hivyo, nyeusi kama makaa. Mwambie azime, asubiri, ndipo achomoe, kisha azunguke aone kwa macho yake kwamba waya umekunjwa kabla dereva hajaondoka.